Wakuu, msahihishaji kaniandikia "frag" mara tisa kwenye kurasa mbili. Kosa langu ni nini hasa?

#1 Mtoto wa Kilosa
Habari za jioni wakuu. Naenda kwenye hoja.

Naomba ufadhili wa masomo ya uzamili, mambo ya udongo. Chuo kimoja huko nje kinataka insha ya kurasa mbili ya kujieleza. Nikaandika, nikampa dada mmoja mzungu anayesaidia waombaji kusahihisha kabla hatujatuma. Imerudi jana. Pembeni kaandika "frag" kwa kalamu nyekundu, mara tisa. Nilivyoona ya kwanza nikajua ni "fragile", kama kwenye maboksi ya TV, labda kaguswa na maisha niliyopitia. Kufika ya nne nikaanza kuhisi hapana.

Nimegugo, naambiwa ni sentensi isiyokamilika. Sasa mimi nikizisoma naona zimekamilika kabisa. Zina maana, na nukta nimeweka. Nazitupia baadhi kama zilivyo:

a) Because my father was a farmer in Kilosa.
b) Which made me to love the soil.
c) The farmers using fertilizer without testing the soil.
d) Is a big problem in our district.
e) For example maize, rice and sunflower.
f) Hoping to be considered.

Nazitambuaje mwenyewe kabla sijatuma? Na kwa nini sisi tunazifanya sana? Jamaa niliyesoma naye kapigwa tano kwenye ukurasa mmoja. Wajuvi karibuni.

#2 Siti ya Mbele
Nimewahi nafasi. Nasubiri walimu.

#3 Chaki Nyeupe
Mwalimu nimefika. Kiingereza, kidato cha pili na cha tatu, mwaka wa 14 huu nameza vumbi.

Mleta uzi, sentensi ya Kiingereza inataka angalau kishazi huru kimoja: kiima (anayetenda au anayetajwa), na kitenzi chenye njeo (wakati). Ukikosa kimojawapo, hiyo ni frag. Ukiwa navyo vyote halafu ukatanguliza neno la kutegemea, kama because, although, when, which, umekifunga kamba, hakisimami tena peke yake. Hiyo (a) ina kiima, ina kitenzi. Ifute Because uone: "My father was a farmer in Kilosa." Safi. Irudishe, msomaji anakaa mkao wa kusubiri. Kwa sababu baba yako alikuwa mkulima, ehe, ikawaje? Wewe unampa nukta.

Kipimo ninachowapa wanafunzi: tanguliza I know that. "I know that my father was a farmer" inakaa. "I know that hoping to be considered" hata mwanafunzi wa mwisho darasani anacheka. Pitisha kila sentensi yako hapo, inayoning'inia ndiyo mgonjwa.

#4 Binti Pangani
Mwalimu kaeleza ugonjwa, mimi naeleza ulikotoka. Angalieni (d). "Is a big problem in our district." Hicho ni Kiswahili kilichovaa suti. Mleta uzi kichwani alisema "Ni tatizo kubwa wilayani kwetu", na kwa Kiswahili hiyo ni sentensi nzima, haidai kitu. Kitenzi chetu kinabeba ukoo mzima. "Nimefika": nafsi imo, njeo imo, tendo limo, neno moja. Mzungu anahitaji matatu kusema hilo hilo. Sasa sisi tunatafsiri kitenzi tunaacha nafsi, kwa sababu kwetu nafsi haikai nje ya kitenzi. Is haina mahali pa kuficha "it".

Na "Baba mgonjwa" kwetu ni taarifa kamili, simu inakatwa, watu wanapanda basi. Kiingereza kinauliza: is yuko wapi?

#5 Jirani wa Nakuru
Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Binti Pangani umeongea vizuri lakini siamini yote. Chukua (a) uitafsiri: "Kwa sababu baba yangu alikuwa mkulima Kilosa." Nukta. Hata kwa Kiswahili inaning'inia! Basi Kiswahili kimekosa nini hapo?

Mimi naona kosa ni la darasani. Kwenye ufahamu unaulizwa: Why did the hare run away? Unaandika "Because it saw the dog." Vema, alama mbili. Miaka minane unapewa vema kwa kipande, kwa sababu swali lilikuwa limeshabeba nusu ya sentensi. Siku unaandika insha hakuna swali juu yako, na wewe unaendelea kujibu. Hii (a) ya mleta uzi ni jibu. Swali lake liko kichwani mwake peke yake.

NB: ile sehemu ya sentensi yenye kitenzi ni KIARIFA, si kiarifu. Watu wa Bongo mnatuharibia lugha.

#6 Babu Korosho
Kiarifa ndiyo nini, dawa ya minyoo?

Turudi kwenye uzi. Sisi tulichapwa. Bwana mmoja, marehemu sasa, alikuwa na fimbo ya mkorosho na sheria moja: hakuna kuanza sentensi na Because. Hakuna kuanza na And. Hakuna kuanza na But. Nimefanya kazi serikalini miaka 31, sijawahi kuanza na Because hata kwenye barua ya kuomba likizo. Kwa hiyo mleta uzi kosa lake ni fimbo tu.

#7 Chaki Nyeupe
Mzee wangu shikamoo. Hiyo sheria walimu wengi tuliirithi, na ni njia ya mkato. Mtoto akikatazwa Because mwanzoni hawezi kuzaa frag ya aina hiyo, basi mwalimu analala. Lakini lugha haikatazi. "Because my father was a farmer in Kilosa, I knew soil before I knew the alphabet." Sentensi halali, imeanza na Because, ila baada ya Kilosa pana mkato na kishazi huru kinafuata. Ukitaka geuza: "I knew soil early because my father was a farmer." Hapo hata mkato hauhitaji.

#8 Mpiga Kinanda
Na hiyo ya And ndiyo kabisa. Fungua Mwanzo sura ya kwanza kwenye Biblia ya King James, ile ya 1611. Karibu kila mstari unaanza na And. And haifungi kamba kama because, inaunganisha tu. Ukiwa na kiima na kitenzi baada yake, umesimama.

#9 Babu Korosho
Kumbe nilichapwa bure. Na marehemu alikuwa mzee wa kanisa!

#10 Fundi Kebo
Chaki Nyeupe, naomba nikuulize kiufundi. Nimechukua kipimo chako nikapima (d): "I know that is a big problem in our district." Inasimama! Kipimo kimempitisha mgonjwa. Nikapima na "Close the door." Inakuwa "I know that close the door." Imeanguka, wakati hiyo ni sentensi nzima, natamkiwa kila siku nyumbani. Kipimo gani hiki kinaponyesha wagonjwa na kuua wazima?

#11 Siti ya Mbele
Hahahaa mwalimu kabanwa. Leteni karanga.

#12 Chaki Nyeupe
Umenikamata, nakiri. Kwenye (d) neno that limegeuka likawa kiima lenyewe, "najua kwamba hilo ni tatizo", ndiyo maana imepita. Na amri ni habari nyingine, kiima chake ni you aliyejificha, Kiingereza kinamruhusu kujificha hapo tu.

Kwa (d) tumia kipimo cha pili: geuza iwe swali la ndiyo au hapana. "My father was a farmer" inakuwa "Was my father a farmer?" Sasa geuza "Is a big problem." Unaanza na Is, halafu unataka kuweka mtu au kitu hapo katikati, huna. Is nani? Is nini? Pengo unaligusa kwa kidole. Jaza: "This is a big problem." Hata hivyo this bila kusema this ipi ni uvivu. Kama hiyo (d) ilifuata (c) kwenye insha, nadhani ni sentensi moja iliyokatwa kiunoni.

#13 Mtoto wa Kilosa
Ni kweli mwalimu, (d) ilifuata (c) moja kwa moja! Nilimaanisha wakulima wanatumia mbolea bila kupima udongo, na jambo hilo ni tatizo kubwa wilayani kwetu.

#14 Binti Pangani
Mnaona? Hiyo (c) inanisaidia pia. Kijana aliwaza "wanatumia" akaandika using, akasahau are. Lakini using peke yake haina njeo, huwezi kujua ni jana au kesho. Iko karibu zaidi na "wakitumia". Sasa someni: "Wakulima wakitumia mbolea bila kupima udongo." Wote mmeinua shingo kusubiri, si ndiyo? Basi kila ukiona kitenzi cha -ing kimekaa peke yake bila is, are, was au were, kisome kwa -ki-. Sikio lako la Kiswahili litakwambia kama kuna deni.

#15 Jirani wa Nakuru
Madam, kwenye #4 Kiswahili ndicho kilileta ugonjwa, kwenye #14 kimekuwa dawa. Chagua moja.

#16 Binti Pangani
Mwarobaini ni mchungu na ni dawa. Nisikuchoshe.

#17 Mpemba wa Muscat
Assalaam alaykum. Nachangia kidogo kutoka huku. Kiarabu nacho kina "mwalimu mgonjwa" bila kitenzi, na ni sentensi kamili tangu enzi za wanazuoni wa nahau. Wenzangu wa kazini Waarabu wakiandika Kiingereza wanaacha is kama sisi. Lakini kukata kama (a) na (b) hawakati. Wao wanaunga: na, na, na, na, barua nzima sentensi moja, mpaka meneja Mhindi anaomba maji. Kwa hiyo lugha ya mama naikubali kwa (d), na kidogo kwa (c). Kwa (a), (b) na (e) mtafuteni mwizi mwingine.

#18 Mzee wa Makala
Mwizi mwingine ni magazeti yetu wenyewe. Nimehariri habari miaka mingi. Kila siku naletewa: "Waziri alifungua mradi wa maji. Ambapo wananchi walijitokeza kwa wingi. Huku wakisema kero imekwisha." Ambapo na nukta! Huku na nukta! Mtu anayesoma hivyo kila asubuhi, siku akiandika Kiingereza atakuletea "Which made me to love the soil" bila jasho. Which ni ambayo, inataka kushikana na kitu kilichotangulia, mkato katikati. Na hiyo "made me to love", mleta uzi, toa to. Made me love.

Ila tusiwatishe vijana. Waandishi wakubwa wanavunja kwa makusudi. Bleak House, riwaya ya Mwingereza Dickens, ya 1853, inaanza na neno moja: London. Nukta. Aya za mwanzo karibu zote hazina kitenzi kikuu chenye njeo. Nani kamuandikia frag?

#19 Mpiga Kinanda
Marekebisho madogo mzee: ilianza kutoka kwa sehemu za kila mwezi Machi 1852, ikamalizika Septemba 1853. Huo 1853 ni mwaka wa kitabu kizima.

#20 Fundi Kebo
Na Dickens hakuwa anaomba ufadhili.

#21 Mzee wa Makala
Asante kwa mwaka. Fundi, hoja yako ni nzito kuliko mwaka.

#22 Karani wa Masjala
Wakuu, mimi nimeguswa na (f). "Hoping to be considered." Hii imetoka kwenye barua zetu za kazi, hakuna la lugha ya mama wala la ufahamu. Nimepokea maombi ya kazi nikiwa masjala, faili hadi dari. Kumi zikija, saba zinamalizia "Hoping to hear from you soon." Watu wananakili barua ya kaka, kaka alinakili ya mjomba. Sasa nauliza: na ile "Refer the above heading" tunayoanzia nayo, ni frag au siyo?

#23 Chaki Nyeupe
Siyo frag. Ni amri, rejea #12, you amejificha. Kosa lake ni kukosa to: refer to. Halafu fikiria, unaomba kazi na neno la kwanza unampa bosi amri asome kichwa cha habari ambacho ameshakisoma.

Kuhusu (f): "I hope to be considered." Umemaliza. Au "I look forward to hearing from you." Ile I ndogo hiyo ndiyo kiima chote.

#24 Babu Korosho
Mwalimu unavuka mpaka sasa. "Refer the above heading" imejenga nchi hii. Imenipandisha daraja mara nne.

#25 Karani wa Masjala
Na imemstaafisha babu. Barua ya kustaafu ilianza hivyo hivyo.

#26 Babu Korosho
Ni kweli, na pensheni ikachelewa. Labda walikuwa wanatafuta hiyo to.

#27 Binti wa Stationery
Mimi nachapia watu CV. Kompyuta inapiga mstari wa kijani chini ya frag, ukibofya inakwambia "Fragment (consider revising)". Kwa hiyo mleta uzi fuata mstari wa kijani tu.

#28 Fundi Kebo
Wa kijani ni Word za zamani dada. Kuanzia ile ya 2013 ni wa bluu. Kama kwako bado kijani, nikuletee Word mpya bei ya jioni.

Halafu usiiamini sana. CV yangu nimeorodhesha kazi kwa vipande: "Repaired antennas. Installed cables." Hivyo ndivyo CV inavyotakiwa, imenipigia mistari ukurasa mzima. Insha ya mdogo wangu yenye frag tatu za wazi imepita kimya.

#29 Muuguzi wa Baridi
Natoka zamu ya usiku, niko Uingereza, nisameheni nikiandika ovyo. Nilifanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, mara tatu kupata alama za usajili wa uuguzi. Kwenye uandishi wanapima vitu vinne kwa uzito sawa, sarufi ni kimojawapo, na nukta na mikato imo humo. Kazi ya pili unaandika maneno 250 au zaidi, na wanashauri uitumie dakika 40. Mara ya kwanza nilikuwa na ugonjwa wa mleta uzi. Chanzo changu mimi kilikuwa woga. Mwalimu wa tuisheni alituambia "andikeni sentensi fupi fupi, mtakosea kidogo". Nikachukua panga. Nilikuwa nafikiri sentensi nzima, ndefu, nzuri, halafu nakata kila maneno nane. Vipande vyangu vyote ukiviunga na kilichotangulia vilikuwa sawa!

Jaribu hiyo mleta uzi. Soma kwa sauti kuanzia mwisho wa insha kwenda mwanzo, sentensi moja moja. Ukisoma kutoka juu, sentensi ya nyuma inaibeba ya mbele, husikii pengo. Ukianzia chini kila moja inakuja yatima.

Onyo sasa. Mara ya pili niliogopa nukta, nikaweka mikato kila mahali. Sikupata nilichotaka pia. Sentensi mbili nzima ukiziunga kwa mkato mtupu, hilo nalo wanalo jina lake, comma splice, na wanakukata.

#30 Jirani wa Nakuru
Huyo muuguzi amenimaliza. Mimi nilikuwa upande wa mikato tangu shule. "It was a bright sunny morning, the birds were singing, I woke up, I washed my face." Mwalimu aliniandikia: are you out of breath?

#31 Siti ya Mbele
Mimi naomba kujua kitu. Tulifundishwa sentensi ni "wazo kamili". Sasa "He did." Ni sentensi? Wazo gani limekamilika hapo? He did nini?

#32 Mpiga Kinanda
Ni sentensi kamili kisarufi. Kiima he, kitenzi did, njeo ipo. Na "The farmers using fertilizer without testing the soil" ina mawazo matatu na si sentensi. Ndiyo maana ile tafsiri ya "wazo kamili" mimi naiona ndiyo mama wa matatizo yote. Mtoto anatazama (a), anaona wazo limekamilika kabisa, baba mkulima Kilosa, picha anaiona, anaweka nukta. Mleta uzi mwenyewe kasema #1: "zina maana". Zina maana, ndiyo. Muundo ndio hazina.

#33 Chaki Nyeupe
Mpiga Kinanda, njoo kidato cha kwanza wiki ya kwanza, watoto 90, wametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, uwaambie "kitenzi chenye njeo". Nitakaa nyuma niangalie. "Wazo kamili" ni ngazi ya kupandia, si nyumba.

#34 Mpiga Kinanda
Ngazi mmeiacha dirishani miaka 60 mwalimu. Wezi wameshaingia.

#35 Binti wa Stationery
Hiyo (e) hamjaigusa.

#36 Mzee wa Makala
(e) ni rahisi. "For example maize, rice and sunflower" ni kirai tu, orodha ya mazao, haina kitenzi. Irudishe kwa mama yake: "We grow several crops, for example maize, rice and sunflower." Ukimaliza soma ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, utakuta frag nyingi hazihitaji neno jipya, zinahitaji nukta ipungue.

#37 Fundi Kebo
Kwenye (c) mimi napinga kidogo. Mnasema weka are. Kuna njia ya pili: iache using, halafu mpe mkulima kitenzi mbele. "The farmers using fertilizer without testing the soil lose money." Hapo using inaeleza ni wakulima wapi, na lose ndiyo kitenzi. Maana imebadilika lakini: ya kwanza ni wakulima wote, ya pili ni wale wanaotumia tu. Mleta uzi, ulimaanisha wapi?

#38 Mtoto wa Kilosa
Sikuwahi kufikiria hilo mkuu. Nadhani... wale wanaotumia. Baba yangu alikuwa akipima. Alikuwa anaonja udongo kwa ulimi, nilimwona kwa macho yangu, anatema, anasema hapa chumvi, panda kule.

#39 Muuguzi wa Baridi
HIYO ndiyo uandike! Acha fertilizer, andika baba anaonja udongo.

#40 Babu Korosho
Na uanze na Because. Nakuruhusu.

#41 Mtoto wa Kilosa
Wakuu nimekaa nayo siku nne. Nimesoma kutoka chini kwenda juu kama muuguzi alivyosema, watoto wa mwenye nyumba wakadhani nasoma dua. Nimepata frag nyingine mbili ambazo hata mzungu hakuziona. Aya ya kwanza sasa:

"Because my father was a farmer in Kilosa, I learned about soil early. He used to taste it. Before planting he put a little on his tongue, spat it out, and told us where the salt was. Today many farmers in our district use fertilizer without testing the soil, which is a big problem."

Nimemtumia yote jana usiku.

#42 Binti Pangani
Nzuri mno. "Which is a big problem" imeshikana na mama yake. Nimefurahi.

#43 Jirani wa Nakuru
"He used to taste it." Maneno matano, kiima, kitenzi, nukta. Fupi na si frag. Hongera ndugu.

#44 Mtoto wa Kilosa
Wakuu imerudi. Frag hakuna hata moja, ahsanteni sana!! Ila kuanzia aya ya tatu kaandika "CS" pembeni, mara sita. CS ndiyo nini tena?

#45 Muuguzi wa Baridi
Rejea #29, mstari wa mwisho.

#46 Karani wa Masjala
Refer the above heading.